Kati ya Weusi na Weupe: Wahindi wa Afrika Mashariki katika Fasihi ya Kiingereza

Ukitoka Mulot kwenda Kericho mjini, bila shaka umewahi kuliona hekalu kubwa la Makalasinga. Jamii iliyolijenga haikufika jana. Kuanzia mwaka 1896, Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kuja kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wapatao 2,500 walikufa kazini. Wengi waliosalia walirudi kwao, wachache wakabaki, na wafanyabiashara wakawafuata. Wajukuu wa watu hao ndio waandishi wa sehemu hii. Usiwachanganye na akina R. K. Narayan wa India: mandhari yao ni Nakuru, Kampala na Dar es Salaam.

Anza na Jagjit Singh. Shairi lake "Portrait of an Asian as an East African" limo katika diwani ya Poems from East Africa ya 1971. Nafsineni ni Mhindi asiyejua kama nchi anayoiita kwao inamkubali. Ukilisoma, kumbuka tarehe: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Hofu ya nafsineni haikuwa ya kubuni tu. Hata hivyo, usiandike katika mtihani kwamba shairi "linahusu Amin". Lilichapishwa kabla.

Riwaya ya kushika zaidi ni The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam. Ilishinda tuzo ya Giller nchini Kanada mwaka 2003. Hadithi inaanzia Nakuru, 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Vikram na dada yake Deepa wanacheza na Njoroge, Mkikuyu, na watoto wawili Waingereza, Bill na Annie. Watoto hawaoni mpaka. Watu wazima wanauona kila siku. Baadaye Deepa na Njoroge wanapopendana, familia ya Deepa inapinga. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea: huwaona Wahindi kama wahasiriwa tu wa ubaguzi. Vassanji hakuwahurumia kiasi hicho. Wanabaguliwa, na wao pia wanabagua.

Angalia pia usimulizi. Vikram anasimulia katika nafsi ya kwanza akiwa Kanada, mtu aliyetajwa miongoni mwa mafisadi wakubwa. Je, anaungama au anajitetea? Mimi naona anafanya yote mawili, lakini jibu lako litapata alama ikiwa tu utaonyesha matukio yanayokuongoza.

Zoezi: "Vikram Lall ni mwathiriwa wa historia." Kwa kurejelea urafiki wake na Njoroge na maisha yake baada ya uhuru, jadili. (alama 20)