Ukoo wa Kiazi Kitamu Chini ya Hadubini

Ua la kiazi kitamu, ua la Ipomoea pes-caprae itambaayo kwenye mchanga wa fukwe zetu, na ua la gugu Convolvulus arvensis linalosumbua mashamba ya ngano, yote yana umbo la tarumbeta. Ukiyatazama kwa macho tu huwezi kujua nani ndugu wa karibu wa nani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Mjerumani, Hans Hallier, aliukata ukoo wa mimea hii mafungu mawili kwa kutazama chavua: yenye miiba na isiyo na miiba. Chavua ya Ipomoea ni kitufe chenye miiba mwili mzima mithili ya doriani, na vitundu vimeizunguka pande zote. Ya gugu la ngano haina miiba, ina mifereji mitatu tu.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwiba husaidia chavua kunasa mwilini mwa mdudu, kwa hiyo unaweza kuzuka kwa mmea wowote unaotembelewa na wadudu. Hoja hiyo ina uzito, maana hata bamia ina chavua ya miiba na si ya ukoo huu. Lakini vipimo vya DNA vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 viliikuta mimea yote ya ukoo huu yenye chavua ya miiba kwenye tawi moja, ilhali ile isiyo na miiba ilitawanyika huku na huko. Jenasi ya Merremia ilivunjika vipande. Hallier, basi, alipatia nusu. Ndani ya ukoo huu mwiba unathibitisha undugu, ila kuukosa hakuthibitishi chochote, kwa sababu hiyo ndiyo hali iliyorithiwa kutoka kwa mababu wa wote.

Kromosomu zina habari nyingine. Ipomoea ya ufukweni ina 30, na I. trifida ya Amerika ya kitropiki, ndugu wa karibu kabisa wa kiazi kitamu, ina 30 pia. Kiazi chenyewe kina 90, yaani seti sita za kromosomu 15. Je, tuhesabu za nini ilhali DNA inasomeka herufi kwa herufi? Kwa sababu nakala sita zinazofanana mno humchanganya msomaji huyo wa herufi, hata ramani nzuri za DNA zilizotoka mwaka 2018 zilikuwa za I. trifida na I. triloba, jamaa wenye seti mbili tu. Shambani hesabu hiyo ina gharama yake. Aina nyingi za kiazi hukataa chavua yake yenyewe, na zikichanganywa na nyingine, seti sita hugawanyika kwa namna zisizohesabika, kila mche ukatoka na sura yake. Mkulima apandaye marando huikwepa bahati nasibu hiyo. Mtafiti anayesaka kiazi cha rangi ya machungwa kinachoupa mwili vitamini A hana njia hiyo. Huotesha miche mingi kutoka kwenye mbegu, akaitupa karibu yote.