Madaraja Matatu ya Outer Ring

Mkazi wa Nairobi akitamani kuona ndege na miti, jibu analopewa ni lile lile: nenda Karura, nenda Arboretum, nenda kwenye mbuga ya wanyama. Kwa mtu wa Kayole au Dandora, maana yake ni nauli ya matatu mbili kwenda na mbili kurudi, kiingilio langoni, na Jumapili nzima imekwisha. Lakini kasoro ya jibu hilo si gharama tu. Linachukulia kwamba Eastlands kwenyewe, upande wa mashariki wa jiji ilipo mitaa hiyo, hakuna cha kutazamwa. Mimi nashikilia kwamba kipo, na kingi, ila hakikukusanywa mahali pamoja nyuma ya ua. Kimetandazwa kama nyuzi nyembamba: kingo za mito, kando za reli, ardhi iliyo chini ya nyaya kubwa za umeme, viwanja vya nyasi kati ya nyumba za zamani za Kaloleni, Maringo na Jericho. Kitu chenye umbo la uzi hujulikana kwa kukifuata au kukikata mara nyingi, na chombo kinachofaa kazi hiyo ni baiskeli ya kila siku.

Anza na umbo la ardhi. Nairobi imeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Dagoretti iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ruai iko chini yake kwa karibu mita 300. Kule juu udongo ni mwekundu na mvua ni nyingi; huku chini ni tambarare, mvua inapungua, na udongo ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kung'ang'ania magurudumu wakati wa masika. Mito hufuata mteremko huo huo. Barabara ya Outer Ring, yenye urefu wa kilomita 13 hivi, imepita kinyume chake, kusini hadi kaskazini, na kwa hiyo inaikata mito mitatu mmoja baada ya mwingine: Ngong, Nairobi na Mathare. Aliye kwenye matatu hapiti juu ya mto wowote. Anapita juu ya lami. Aendaye kwa miguu atauona mmoja, kwa kuwa kuifikia yote mitatu ni mwendo wa karibu saa tatu. Mwendesha baiskeli anaweza kuimaliza kwa saa moja, na anaweza kusimama darajani bila kumwomba dereva. Analinganisha rangi za maji ya mito mitatu asubuhi moja: upi una povu, upi mweusi, upi umepanda baada ya mvua iliyonyesha usiku kule juu, hata kama Eastlands haikupata tone.

Ulinganisho wa siku moja, hata hivyo, ni udadisi tu. Unakuwa elimu unaporudiwa. Huko Uingereza, tangu mwaka 1976, watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu vipepeo kwa utaratibu uliobuniwa na Ernest Pollard: njia ile ile, wiki baada ya wiki, kila kilichoonekana kikiandikwa. Nguvu ya utaratibu huo ni uaminifu kwa njia moja, si shahada ya mtazamaji. Ramani ya Ndege ya Kenya, iliyoanza 2013, nayo inaigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi na kumwomba mtazamaji atumie angalau saa mbili katika mraba kabla ya kutuma orodha yake. Outer Ring ni ndefu kuliko upande wa mraba mmoja. Anayeipita kila siku kwenda kazini amekwisha kuvuka angalau miraba miwili, na saa zile mbili anazipata kwa vipande vipande katika wiki moja ya kazi bila kuomba ruhusa.

Ataona nini? Mbayuwayu wa Ulaya wanaofika Septemba na Oktoba na kuondoka Aprili. Jakaranda zinazochanua kabla ya mvua za vuli. Kumbikumbi wanaotoka ardhini baada ya mvua za kwanza, na mwewe wakiwafuata hewani. Na zaidi ya wote, marabu, yule korongo mkubwa mwenye upara.

Hapa ndipo nasikia pingamizi la kwanza: hayo si maumbile, ni uchafu. Marabu wako Eastlands kwa sababu ya jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado linapokea taka. Ni kweli. Lakini tazama anachotufundisha ndege huyo. Hujenga kiota kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, na chakula chake kiko jaani. Tabia yake inatuonyesha jinsi jiji linavyotupa nyama na mifupa, na kundi likipungua au kuongezeka, kuna jambo limebadilika kwenye taka zetu. Mito nayo haina siri. Maji ya Ngong na Mathare huishia katika Mto Nairobi, nao huingia Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Anayeona povu kwenye daraja la Outer Ring ameona kitu kinachomhusu mvuvi wa pwani. Kukataa kutazama kwa sababu pananuka ni kuwaachia wanaochafua uwanja usio na shahidi. Tena, ng'ambo kidogo, kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka huko Ruai, bata na vitwitwi kutoka Ulaya na Asia huja kukaa miezi yetu ya joto. Wao hawakuuliza kama mahali pana heshima.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Baiskeli ya Eastlands hubeba mkate, maziwa, maji na kuni. Mwenye mzigo hana nafasi ya kutazama ndege. Nakubali kwamba hana nafasi ya kustarehe. Lakini ni nani apitaye njia ile ile, saa ile ile, mwaka mzima, mvua na jua? Ni mchuuzi wa mkate. Anajua ni tawi gani lilianguka, ni mtaro upi huziba kwanza, ni wapi maji yalifika wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyobomoa nyumba za Mathare. Hayo ndiyo maarifa ambayo mtaalamu akija mara moja kwa mwaka hayapati. Kinachokosekana ni mtu wa kuyauliza na daftari la kuyaandika. Kudhani kwamba kutazama maumbile ni anasa ya matajiri ni kuwanyima wafanyakazi kitu ambacho tayari wanacho. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, katika jiji la kibaguzi, na hata wakati huo wapangaji waliacha nyasi na miti kati ya nyumba. Leo, tunapopanga kubomoa mitaa ya zamani na kupandisha maghorofa, viwanja vile vinahesabiwa kuwa nafasi tupu. Asiyejua kilichomo ndani yake hawezi kukitetea mkutanoni.

Pingamizi la tatu silijibu kwa maneno matamu: barabara zinaua. Outer Ring ilipopanuliwa iliwekewa njia za waenda kwa miguu na baiskeli, lakini sehemu nyingi zimejaa vibanda, bodaboda na magari yaliyoegeshwa. Mchuuzi simlaumu, hakupewa soko. Sera ya usafiri usio wa magari ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya miguu na baiskeli. Ahadi hiyo haionekani kwenye lami ya Eastlands. Mjumbe wako wa wadi anapaswa kuulizwa kuihusu, kwa maandishi, na ajibu kwa maandishi.

Wakati unasubiri jibu, chagua asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache. Beba kalamu na daftari dogo. Ukitokea upande wa Taj, mwisho wa kusini wa Outer Ring, daraja la kwanza ni la Mto Ngong. Simama hapo dakika tano, andika tarehe, rangi ya maji na ndege uliowaona, kisha endelea hadi la pili.