Kuhesabu Uwiano wa Difu

Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ya propela shafti inayohitajika ili magurudumu ya nyuma yazunguke mara moja. Pinioni, iliyo mwisho wa shafti, huizungusha krauni. Krauni ikiwa na meno 41 na pinioni 10, uwiano ni 4.1, meno 37 kwa 9 ni 4.11. Namba kubwa humpa dereva nguvu ya kuvuta mzigo, ndogo humpa mwendo bila injini kupiga kelele.

Makoko, kata ya Musoma iliyo kando ya Ziwa Victoria, difu ikiharibika fundi hutafuta ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari la Japani. Hapo ndipo penye hatari, kwani kwa nje difu ya 3.7 na ya 4.3 zaweza kufanana kabisa.

Kibati cha Toyota kwenye chumba cha injini kina alama ya ekseli, lakini hueleza difu iliyotoka kiwandani tu. Kama imewahi kubadilishwa, kibati hakisaidii. Difu iliyo chini, nje ya gari, haina fumbo: huhesabiwa meno, ya krauni yakagawanywa kwa ya pinioni.

Iliyofungwa garini huhesabiwa kwa chaki. Magurudumu ya mbele huwekewa kabari, gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki, na ekseli hukalishwa juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki hata kidogo. Gia huwekwa niutro na breki ya mkono hufunguliwa. Tairi na shafti huchorwa alama, kisha tairi huzungushwa mara 20. Kwa kuwa gurudumu la pili limeshikwa na ardhi, lililo juu huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krauni. Mizunguko 20 ya tairi basi ni 10 ya krauni. Shafti ikihesabiwa 41, uwiano ni 4.1. Asiyekumbuka kugawa tairi kwa mbili hupata 2.05, namba isiyo ya difu ya pikapu yoyote. Difu yenye loki iliyofungwa haigawi mwendo hivyo: huinuliwa magurudumu yote mawili, na kila mzunguko huhesabiwa mmoja.

Kosa la uwiano hujitokeza barabarani. Spidometa inayosoma kutoka giaboksi haijui kuwa difu imebadilika. Gari lililokuwa na 4.1 likifungwa 3.7, mshale ukionyesha 80 kwenye lami ya Musoma hadi Bunda, mwendo halisi unakaribia kilomita 89 kwa saa, na dereva hajui.

Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma hazina budi kulingana. Zikitofautiana, huvutana kwenye lami kavu, zikala matairi na hatimaye kuvunja gia za transfa.