Je, Wajua? Tunutu wa Shaba na Sufu ya Soksi

Frank Sawyer, aliyekuwa mlinzi wa mto Avon katika jimbo la Wiltshire, Uingereza, na ambaye kitabu chake juu ya tunutu, yaani wadudu wachanga wa majini, na samaki wa trauti kilichapishwa mwaka 1958, alipounda chambo chake mashuhuri cha kuiga tunutu hakutumia uzi wa kufungia hata mmoja; alitwaa nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege fezanti, akazisokota pamoja na waya wa shaba mwembamba kama unywele, akazizungusha juu ya ndoana, na waya huo huo ukawa kifungo na uzito wa kuzamisha. Miguu hakuitia, kwa kuwa alikwisha kubaini kwamba tunutu aogeleapo huibana ubavuni.

Ama wakati wa baridi, ambapo ni marufuku kuvua trauti, wavuvi wa mto huo humwelekea greilingi, samaki mwenye pezi la mgongoni lililotanda kama tanga. Naye, kwa vile wadudu warukao ni haba, hukaa chini karibu na changarawe, asione sababu ya kupanda juu kwa tonge dogo. Kwa samaki huyo, Sawyer alizungusha juu ya ndoana sufu ya kutililia soksi, Chadwick namba 477, ya hudhurungi hafifu, ambayo ikilowa huingia wekundu kama wa uduvi. Ilipoacha kutengenezwa, mabaki yake yalitafutwa kama johari, nami nakiri sijapata kusikia sufu ya soksi iliyopewa taadhima kiasi hicho.