Shukrani Tunayofundishwa na Wagonjwa

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani mwaka 1111 wa Miladi, ametaja katika kitabu chake cha Ihya, mahali anapozungumza juu ya subira na shukrani, khabari ya mtu mwema mmoja aliyekuwa na desturi ya kwenda kila siku mahali pa namna tatu: nyumba ya wagonjwa, makaburini, na mahali wanapoadhibiwa wahalifu. Makusudio yake yalikuwa kuuamsha moyo wake upate kuzijua neema zilizo juu yake. Hii ni dawa ambayo Ghazali aliwatajia wale ambao nyoyo zao hazizinduki kwa kufikiri peke yake, na kwa hakika wengi wetu tu katika hao.

Mahali pa wahalifu tupaache. Makaburini twenda tunapozika. Lakini nyumba ya wagonjwa, ni wangapi katika sisi waingiao humo pasipo kuwa na jamaa yao aliyelazwa? Hapa Tukuyu hospitali ya wilaya iko Makandana, na mtu wa mjini aweza kufika kwa miguu. Iko Igogwe ya Wakatoliki, na upande wa Busokelo iko Itete ya Walutheri. Waislamu wa nchi hii ya Rungwe si wengi. Wamisionari Wamoraviani na Walutheri walifika huku mwaka 1891, na makanisa yao yaonekana juu ya kila kilima, hali misikiti yetu yahesabika. Basi baadhi yetu hudhani ya kuwa wodi ni mambo ya watu wengine, na mgonjwa asiye Mwislamu hana haki ya kuzuriwa nasi. Hayo siyo. Mtume wetu (s.a.w.) alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akaketi kichwani pake. Ikiwa yeye hakuona taabu kuingia katika nyumba ile, sisi ni nani hata tuone taabu kuingia Makandana?

Katika jirani zetu yuko mzee mmoja ambaye figo zake zimekwisha nguvu. Mara mbili kwa juma huondoka alfajiri, akapita Kiwira na Uyole, mwendo wa kiasi cha kilometa 70, mpaka Mbeya, katika Hospitali ya Rufaa. Huko hulala muda wa saa nne, mashine ikiitoa damu yake, ikiisafisha na kuirejesha mwilini. Siku zake ni Jumatatu na Alkhamisi, nazo ndizo siku alizokuwa akifunga sunna alipokuwa mzima. Twalitaja hili kwa kuwa yeye mwenyewe hulitaja, tena kwa kucheka, akisema ya kwamba siku zake hazikubadilika ila kazi ya siku hizo.

Tulimpelekea wanafunzi wetu wakubwa, wakamwamkia shikamoo babu, wakaketi mkekani. Mmoja akamwuliza ni kitu gani anachokitamani zaidi. Wote walidhani atasema ni afya, au kurudi shambani kwenye migomba yake. Yeye akajibu, "Wajukuu zangu, natamani kwenda haja ndogo." Vijana wakatazamana, na mmoja akaziba mdomo asicheke. Mzee hakuona haya. Akawaeleza kuwa mtu ambaye figo zake zimekufa, mkojo hupungua hata ukakatika, na maji anayokunywa hubaki mwilini, yakaijaza miguu na mapafu. Kwa hiyo hupimiwa maji ya kunywa kwa kikombe, na asubuhi akikimaliza hana jingine mpaka jioni. Na hapa ni Rungwe, nchi ambayo mvua yake haikatiki ila kwa muda mchache, maji yapita nyuma ya kila nyumba, na mtu mwenye kiu huyasikia usiku kucha.

Kisha akawauliza kama wanaijua dua ya mtu atokapo chooni. Wote waliijua, tumewafundisha tangu wakiwa wadogo, nao huisoma mbio mbio kama mtu alipaye deni asilolipenda. Akawaambia waisome polepole, na waeleze maana yake. Maana yake, kama tujuavyo, ni kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuondolea lenye kudhuru akatupa afya. Mzee akasema, "Mimi niliisoma dua hii miaka hamsini nikidhani ni adabu ya choo tu."

Sisi tumesomesha dua hiyo miaka mingi, wala hatukupata kuifasiri namna hiyo. Tulipouliza kwa wenye ilimu ya tiba tulifahamishwa ya kuwa figo mbili za mtu mzima, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu, huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa katika damu, na kitokacho ni lita moja au mbili tu. Kazi hii hufanyika tukiwa tumelala, tukiwa sokoni, hata tukiwa katika maasi. Mashine ya Mbeya ni kubwa kama kabati, yahitaji umeme, maji safi na mtu wa kuichunga, na juu ya hayo yote haiwezi ila sehemu ya kazi hiyo. Wanahistoria husimulia kwamba Khalifa Harun Rashid, aliyefariki mwaka 193 wa Hijra, aliletewa maji ya kunywa, na Ibnu Sammak akamwuliza angeyanunua kwa kiasi gani lau angenyimwa. Akajibu kuwa kwa nusu ya ufalme. Akamwuliza tena, na lau yangekataa kutoka? Akajibu kuwa kwa nusu iliyobaki. Kisa hiki twakipenda sana mimbarini. Yule mzee alipokisikia alisema tu ya kwamba Khalifa alitaja bei iliyo sawa.

Sasa twataka kusema neno ambalo pengine halitawapendeza baadhi ya wasomaji. Iko shukrani ambayo ni kiburi kilichovaa kanzu. Nayo ni mtu kusimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, akamtazama, akasema kwa sauti, "Alhamdulillahi, Mungu ametuepusha sisi." Mama mmoja wa Kinyakyusa, Mkristo, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi, alitwambia ya kuwa aliyasikia maneno kama hayo mara nyingi kutoka kwa watu wa dini zote, na kila alipoyasikia alijiona amekuwa kioo cha watu kujitazamia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, aliliona jambo hili kabla yetu. Ameeleza katika Adhkar ya kuwa dua ya mtu aonapo aliyepatwa na balaa huisoma kwa siri, ajisikie mwenyewe, wala yule aliyepatwa asiisikie, ili moyo wake usivunjike. Ni wangapi katika sisi waijuao dua wasiijue adabu yake!

Vilevile tusimfunge mgonjwa mdomo kwa kisa cha Nabii Ayyubu (a.s.). Mtu akiugua kwa maumivu, mara twamwambia, "Subiri kama Ayyubu," kana kwamba Ayyubu alikuwa jiwe. Ayyubu alimlilia Mola wake na kumtajia madhara yaliyompata, na pamoja na hayo Qurani imemsifu kwa subira. Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alipougua aliyataja maumivu yake. Mgonjwa ana haki ya kulia. Tena shukrani ya mgonjwa si jambo la kudaiwa na mgeni. Akishukuru, tutapokea na kujifunza. Asiposhukuru siku hiyo, tutampa maji na kumnyoshea mto.

Mama yule alikuwa amekwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 800. Jengo la kale la hospitali hiyo lilijengwa na Wajerumani karne ya kumi na tisa ilipokuwa ikimalizika, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani ya nchi nzima. Huko alitibiwa kwa mionzi, akarudi, na baadaye maradhi nayo yakarudi. Tulipomwona alikuwa amekonda, na sauti yake ni ndogo. Kila tulipomwekea uji alisema, "Ndaga." Wasomaji wa mbali wajue ya kuwa kwa Kinyakyusa hilo ndilo neno la kushukuru, na ndilo pia watu huamkiana kwalo. Twaona ni lugha yenye hekima ile inayoamkia kwa neno la shukrani.

Jambo alilotutaka ni moja. Alisema saratani hii kwa sehemu kubwa hutokana na kirusi, na kwamba iko chanjo ya kuwakinga wasichana, ambayo serikali yetu ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Alikuwa amesikia ya kuwa wazazi wengine, na katika hao wako Waislamu, huwaficha binti zao siku ya chanjo kwa uvumi kwamba huua uzazi. "Mwalimu," akasema, "wewe wanakusikiliza. Waambie kizazi changu hakikufa kwa chanjo. Mimi sikuipata."

Ghazali aeleza ya kuwa shukrani hukamilika kwa mambo matatu: ilimu ya kujua neema na aliyeitoa, hali ya moyo kuifurahia, na amali, yaani kuitumia neema katika lile analolipenda Mtoaji. Wengi wetu tumeishia katika ulimi, ambao ni sehemu ndogo tu ya hilo la tatu. Mama yule, naye hakusoma Ihya, aliifahamu amali kuliko sisi. Alikuwa na neema chache zilizobaki, nazo ni sauti na khabari ya kweli, akazitumia kwa ajili ya binti za watu wengine. Tulirudi madrasa, tukawaita wazazi, tukawaeleza. Baadhi walikubali siku ile ile, wengine walitaka kwanza kumsikia mganga wa zahanati, tukamwita. Walibaki wawili wasiokubali, nasi twaendelea kuzungumza nao kwa upole.

Kwa njia hiyo hiyo yatupasa kuwatazama wenye kumeza vidonge vya ukimwi. Tangu mwaka 2004 serikali yetu huvitoa bure. Mtu aliyekuwa maiti ateremka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, kisha ndugu yake amshawishi kuviacha ati dua yatosha! Mtume (s.a.w.) aliwaambia mabedui waliomwuliza ya kwamba watafute dawa. Kumeza kidonge kwa wakati wake, kila siku, miaka na miaka, ni shukrani ya mkono na ya koo. Imran bin Huswein, sahaba aliyeugua miaka mingi, aliuliza namna ya kuswali, akaelekezwa aswali wima, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Basi hali ile ya mgonjwa haikumwondolea ibada. Ilimpa umbo lake.

Wenye kutaka kuzuru Makandana waende saa za kutazama wagonjwa, wasikae sana, wala wasiulize mtu ana maradhi gani. Wachukue sabuni, chupa ya uji na ndoo, kwani hivyo hupungua siku zote. Mama wa Kinyakyusa amekwisha kufariki. Tulikwenda msibani, tukakaa na jamaa zake. Yule mzee yungali akienda Mbeya. Nyumba saba za mtaa wetu hugawana nauli yake: ya mwezi huu imetimia, ya mwezi ujao bado.