Tizi ya Ras Mkumbi: Ka Huwezi Jibu Salamu, Punguza Mwendo

Mayut wa Nai wakiamua kupiga tizi, kitu ya kwanza wanacheki ni video. Mse ako na kifua ka mlango ya benki anakushow pushapu mia daily kwa mwezi moja, na kesho yake saa kumi na moja asubuhi umerauka, uko kwa korido ya ploti ukijiua. Wiki ya pili bega inalia. Wiki ya tatu umerudi kwa chipo na stori imeisha. Mimi form yangu ni ingine: kabla uguse chuma yoyote, kaa chini uandike vile wiki yako inaendanga. Umekaa masaa ngapi, umebeba nini, umetembea wapi, umelala saa ngapi. Tizi inafaa kujaza penye maisha yako imeacha pengo. Na mahali nimeona hii kitu ikiiva ni Ras Mkumbi, penye sijaona hata jimu moja.

Ka hujui, Ras Mkumbi ni ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kuna mnara wa taa hapo wenye Mjerumani alijenga enzi zake, bado uko tu umesimama juu ya mawe ya matumbawe. Boti za Nyamisati zinakuteremsha Kilindoni, alafu unapanda kaskazini kama kilomita 50 katikati ya minazi mpaka kijiji cha Bweni. Magharibi, ng'ambo ya maji, ni delta ya Rufiji. Mashariki ni bahari kuu na haina utani.

Sasa cheki wasee watatu wa hapo, alafu uniambie ka wanaweza tumia mpango moja.

Wa kwanza ni mvuvi. Amevuta jarife usiku, upepo ukikata amepiga kasia, asubuhi wamesukuma ngalawa juu ya mchanga. Mgongo, mikono, vidole vya kushika kamba: hizo ziko fiti kuliko za msee yeyote anayelipia jimu Westlands. Huyu ukimwambia aongeze tizi ya kuvuta unamchosha bure. Pengo yake iko kwa kusukuma, kwa miguu, na kwa pumzi ya mwendo mrefu. Ajabu ni kwamba zile pushapu za video zinaweza msaidia yeye kuliko wewe, bora zisiwe mia. Na ka ametoka baharini alfajiri, tizi yake ya hiyo siku ni usingizi, kwisha.

Wa pili ni mwana wa bodaboda. Siku mzima amekaa, barabara inamgonga uti wa mgongo, miguu haifanyi kazi yoyote zaidi ya kukanyaga breki. Anajiona mchapakazi, na ni kweli, lakini mwili wake uko sawa na wa karani wa ofisi: nyonga zimekaza, matako yamelala, kitambi kinaingia polepole. Huyu anahitaji karibu kila kitu, akianza na kutembea.

Wa tatu ni mama wa mikeka. Kina mama wa Bweni wanajulikana kwa kusuka, na kusuka ukili ni masaa mengi umekaa chini, miguu mbele, mgongo umepinda. Alafu anainuka anaenda kubeba maji. Pengo yake ni mgongo wa kunyooka na mapaja ya kumwinua kutoka chini bila kushika ukuta. Hakuna video inamwongelesha, na kusema kweli yeye ndiye angefaidika haraka kushinda wote.

Tukija kwa hesabu, Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2020 lilisema mtu mzima apige dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya moyo ya wastani, ama 75 hadi 150 ka ni yale makali, na siku mbili ama zaidi za nguvu zenye zinagusa misuli zote kubwa. Gawanya 150 kwa siku tano, ni nusu saa. Na hapo ndio watu wanakosanga: wanadhani wastani ni kitu ya kutoa ulimi nje.

Wastani unapimwa na mdomo. Ukiweza kubonga lakini huwezi imba, uko pale pale. Sasa Bweni, hii kipimo ni lazima, ju huwezi pita mtu bila kumsalimia. Unapita mzee amekaa barazani, ni shikamoo. Anakujibu marahaba, alafu anauliza umeamkaje, za nyumbani, unakimbizwa na nani. Lazima ujibu yote. Ka maneno yanatoka vipande vipande, mwendo wako umezidi, na mzee ameshajua kabla yako. Nilikuwa na saa ya kupima mapigo kwa mkono, nikaivua. Barabara ya hapo inakupima yenyewe, na inakupima na heshima juu yake. (Na vaa kaptura ya kufika magoti, manze. Hicho ni kijiji cha watu wa dini, si bichi ya hoteli.)

Usidhani mwendo wa pole ni wa wazembe. Pale Iten, mabingwa wa dunia wanaanza mbio zao nyepesi pole mpaka mtalii anaweza waandama kilomita ya kwanza. Na Alphonce Simbu, Mtanzania wa Singida, Septemba 2025 huko Tokyo alishinda marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda sawa, ikabidi wapimwe kwa picha: sekunde 0.03. Alimpita mita za mwisho kabisa, baada ya kilomita 42 za kuvumilia. Ukiniambia kuna Filbert Bayi, mwenye 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1500 toka mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16, ntakubali. Lakini Bayi alikuwa na miaka ya mbio nyuma yake kabla ajaribu hiyo ujeuri. Wewe uko na wiki mbili na ndula mpya.

Mchanga nao uko na siasa zake. Ule mkavu, laini, unakula nguvu karibu mara moja na nusu ya barabara ngumu, na kisigino kikizama, mshipa wa nyuma ya mguu unavutwa vibaya. Kimbia kwa mchanga uliolowa, penye maji yametoka saa hiyo. Lakini ufuo umeinama, so mguu moja unakuwa juu na mwingine chini. Enda na urudi njia ileile ndio nyonga zote zishiriki kodi. Ka unataka kukimbia peku, anza na dakika tano, sita mwisho wa mbio, si mbio nzima. Na uliza watu wa maji. Siku za bamvu, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, maji yanajaa kama saa kumi alfajiri na kukauka kama saa nne, so jua likichomoza bahari inarudi nyuma na unaachiwa njia pana. Maji mafu hesabu inageuka. Mse wa kuja anayejifanya anajua anaweza pata amefungiwa kati ya mawimbi na mawe ya matumbawe, na hayo mawe yanakata ka wembe haujui.

Sasa nguvu. Hapa ndio nilipenda Bweni zaidi, ju chuma yao ni dumu.

Maji lita moja ni kilo moja. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na uzito wa plastiki. Jimu za Nai zinakuuzia vyuma za kupanda kidogo kidogo kwa ganji mingi, na hapa unaongeza uzito na kikombe. Tia lita 8. Simama, miguu upana wa nyonga, sukuma matako nyuma ka unafunga mlango nayo, mgongo unyooke, dumu likae karibu na mguu, shika, inuka ukitoa pumzi. Hiyo ndio mama ya mazoezi yote kwa mtu yeyote anayebeba vitu, na karibu kila mtu kisiwani anabeba vitu. Alafu likumbatie kifuani upige skwati. Alafu tembea nalo mkono moja, rudi na mkono ule mwingine, kichwa juu, bila kuinamia upande. Ka maji hayajajaa, yanacheza ndani, na tumbo lako linalazimika kufanya kazi ya kukushikilia. Uwe rada na mchanga lakini: kuna wana wanajaza dumu mchanga ndio waonekane, na hapo lita 20 inapita kilo 30, mpini unakatika, na vidole vya mguu viko chini.

Pushapu zianzie kwa ubavu wa ngalawa iliyopandishwa pwani. Mikono juu ya mbao, miguu mchangani, mwili umenyooka ka ubao. Ukizoea, shuka kwa kitu fupi, alafu chini kabisa. Za kuvuta, tafuta tawi la mwembe lenye halijaoza, ama ka wewe ni mvuvi, achana nazo, tushaongea.

Kila zoezi piga mara 8 hadi 12, raundi mbili ama tatu, pumzika kati. Siri iko kwa kusimama: acha ukiwa bado unaweza kupiga mbili, tatu zingine. Raundi zote zikifika 12 bila mwili kuyumba, siku ijayo ongeza lita moja ama mbili. Misuli zilezile zipe siku mbili kabla urudi. Mwana wa boda tulimpangia Jumatatu na Alhamisi dumu, siku zingine tatu matembezi ya haraka ya nusu saa kabla aanze kazi, na Jumamosi boli jioni. Boli akahesabu ka mapumziko. Tukakataa: boli ni siku ngumu, mbio za kushtukiza na magoti ya kupindapinda. Kesho yake usiguse dumu.

"Kaka, sasa mimi ntapata kifua lini?" akaniuliza.

Nikamwambia wiki za kwanza nguvu inapanda kabla mwili uonekane, ju neva zinajifunza kuita misuli vizuri. Kifua kinataka miezi, samaki na maharage kwa sahani, na kulala. Hakufurahia.

Kuhusu joto sitaki mchezo. Sisi wa Nai tumezoea kibaridi ya mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Ukishuka Mafia wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hewa imebeba maji mingi mpaka jasho halikauki, linadondoka tu bila kukupoza, na moyo unapiga mbio kwa kazi ndogo. Mwili unachukua wiki moja hadi mbili kuzoea. Hizo siku punguza kila kitu, piga tizi alfajiri ama jua likilala, na kunywa maji. Dafu ni tamu na liko poa, ila chumvi yake ni kidogo. Ka umetoka jasho la saa nzima, dishi yenye chumvi ifuate.

Na kuna ishara za kuacha hapo hapo. Kifua kikibana, kizunguzungu, pumzi kukata kuliko kazi yenye unafanya, maumivu makali ya kuchoma kwa kiungo. Kuuma kwa misuli kesho na keshokutwa ni kawaida. Lakini mkojo ukitoka rangi ya strungi baada ya tizi kali, hiyo ni misuli inavunjika na kuziba figo, kimbia hospitali. Kutoka hapo ncha ya kisiwa, hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ile kilomita 50 nyingine, so uamuzi wa kuacha unafaa kufanywa mapema. Mwenye presha, sukari, mimba ama umri umesonga aongee na daktari kwanza, alafu aanze, ju kukaa tu nako ni ngori.

Ramadhani ikifika, watu wengi wa Bweni wanafunga, na mpango unapinda. Matembezi mepesi nusu saa kabla ya futari, ndio maji yafuate haraka. Dumu ni baada ya tarawehe, uzito uleule ama chini, hakuna kuongeza lita mwezi mzima. Kulinda ulichonacho kunatosha. Wana wakauliza ka kuacha kabisa ni sawa. Ni sawa pia, bora ukirudi uanzie chini ya penye uliachia.

Tulikuwa tunabishana hii stori ya Ramadhani nyuma ya nyumba ya mmoja wao, madumu matatu yamepangwa, mimi nikionyesha vile mgongo unanyooka, wakati bi mkubwa wa hapo alitoka jikoni na ukili bado mkononi. Akasimama akatucheki tukiinua na kushusha, tukiinua na kushusha.

"Nyie mnayainua na kuyarudisha palepale?"

Mwanawe akasema ndio mama, ni mazoezi.

"Basi zoezi liishie jikoni. Matatu yote. Na lile lenye mchanga mkalimwage mlikolitoa."

Kutoka penye tulikuwa hadi jikoni ni hatua kama 30. Mkono moja kuenda, mkono mwingine kurudi, kichwa juu.