Kutoka Uchindile hadi Dodoma: Kwa Nini Msafiri Hubadilisha Usafiri

Mkazi wa Kata ya Uchindile mwenye shughuli Dodoma, awe anafuatilia mafao ya uzeeni au anampeleka kijana chuoni, hawezi kupanda behewa moja likamfikisha. Wananchi huuliza: ikiwa Uchindile ina kituo cha TAZARA, na Dodoma ina reli, kwa nini treni isipite moja kwa moja? Jibu ni upana wa njia yenyewe.

Tanzania ina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ina milimita 1,067, kwa kuwa ilikusudiwa kuungana na reli za Zambia na nchi za kusini zenye kipimo hicho. Reli ya kisasa, yaani SGR, ina milimita 1,435. Tofauti kati ya TAZARA na Reli ya Kati ni milimita 67 tu, pungufu ya upana wa vidole vinne. Hata hivyo yatosha kulizuia behewa.

Reli hizo mbili za zamani hukutana hapa hapa bondeni, Kidatu. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa lilifikishwa huko miaka ya 1960, na mwaka 1998 ikafunguliwa karakana ya kuhamishia makontena kutoka reli moja kwenda nyingine. Ni muunganiko wa mizigo: kontena huinuliwa kwa winchi na kuwekwa kwenye behewa la upande wa pili. Abiria hana winchi, hivyo asitegemee Kidatu kupata treni ya kumpeleka Morogoro.

Jijini Dar es Salaam hali ni ileile kwa sura nyingine. Stesheni ya TAZARA iko Barabara ya Nyerere, ilhali stesheni ya SGR iko katikati ya jiji, kilomita kadhaa kutoka hapo. Hata treni ya jijini iliyoanza Oktoba 2012, maarufu kwa jina la treni ya Mwakyembe, iligawanyika vivyo hivyo: moja kwenye reli ya TAZARA, nyingine kwenye Reli ya Kati. King's Cross mjini London, ambako treni za chini ya ardhi zilianza kupita mwaka 1863, abiria hushuka ngazi na kuikuta treni nyingine chini ya paa lilelile. Kwetu ngazi hiyo ni daladala au bajaji, na nauli yake huwekwa kwenye hesabu ya safari.

Kwa aendaye Dodoma, kuzungukia Dar es Salaam si lazima. Anaweza kushuka Ifakara, akapanda basi hadi Morogoro kupitia Kidatu na Mikumi, kisha akachukua SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo. Abebe kitambulisho, na afike stesheni mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa. Si busara kukata tiketi ya SGR ya siku ileile ya kushuka TAZARA. Treni ikichelewa njiani, ile ya Morogoro haimsubiri mtu.

Ucheleweshaji wa upande wetu una sababu inayoonekana. TAZARA ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yako kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli hupanda kutoka bondeni kuelekea nyanda za juu. Mvua kubwa ikishusha udongo juu ya njia, treni husimama. Mahandaki hayo si njia ya waenda kwa miguu, ingawa wapo wanaoyatumia kufupisha safari. Ndani hakuna pa kukimbilia treni ikitokea.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mgonjwa. Mjamzito aliyeshauriwa kujifungulia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, asisubiri uchungu ndipo aulizie treni. Ahame mapema, akae Mlimba au Ifakara kwa ndugu siku zikikaribia, na familia iandae fedha ya gari la dharura endapo reli itafungwa. Siku na saa za treni hubadilika, na treni ya haraka husimama vituo vichache kuliko ya kawaida. Kwa hiyo mkuu wa kituo aulizwe siku chache kabla, kisha tena siku yenyewe ya safari.